Uzi wa madansa: ukimtazama Michael, mtafute na yule aliyetazamwa na Michael

Kisigino (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha dansi vijana wa mtaani huku Temeke. Kundi dogo, hatuna jina, tunakodi ukumbi ambao asubuhi wanakaa akina mama wa vikoba na jioni tunaingia sisi. Kijana mpya akija huwa namuuliza: unamkubali dansa gani? Zamani nilikuwa natajiwa majina. Siku hizi inatolewa simu, naonyeshwa video. Namwambia sawa, nichezee ulichokipata kwake. Anacheza sekunde kumi na tano, safi, hakosei hata bega. Halafu anasimama ananitazama. Muziki bado unaenda, yeye kaishiwa.

Ndiyo maana nimeleta uzi huu. Tuwaongelee madansa wakubwa na watunga stepu wakubwa, ila si kwa kuwamwagia sifa. Nataka tuulize wao walikuwa wanamtazama nani, na walichokiona walikifanyia nini.

Nianze na Michael Jackson kwa sababu huyo hata bibi yangu anamjua. Machi 25, 1983, Pasadena huko California, kwenye shoo ya miaka 25 ya Motown, ile kampuni ya muziki, akapiga ule mtelezo wa kinyumenyume. Dunia ikasema kavumbua. Mwenyewe wala hakudai hivyo. Kwenye kitabu chake cha 1988 anasema ni kitu cha vijana weusi wa mitaani. Waliomfundisha wanajulikana: Casper Candidate na Jeffrey Daniel, yule wa kundi la Shalamar, ambaye mwaka 1982 alikuwa ameshautelezea kwenye televisheni ya Uingereza. Na ukirudi nyuma zaidi, kuna filamu ya 1943, "Cabin in the Sky", humo yumo Bill Bailey, anamaliza dansi yake kwa kuondoka jukwaani akiteleza nyumanyuma. Miaka 40 kabla ya Pasadena.

Haya, kitabu chenyewe kamtunukia nani? Fred Astaire, dansa wa filamu za zamani za Hollywood. Sasa ichukue video ya "Smooth Criminal", ile suti nyeupe na kofia, halafu utafute "The Band Wagon" ya 1953, sehemu ya mwisho ambayo Astaire anaingia kwenye baa ya majambazi. Utacheka mwenyewe. Kisha mtafute Bob Fosse, dansa na mtunga stepu wa Marekani, kwenye "The Little Prince" ya 1974, anacheza nyoka: nguo nyeusi, kofia, glavu, miguu inateleza kwenye mchanga. Ukizima sauti unaweza kuweka "Billie Jean" juu yake.

Fosse ndiye nataka vijana wangu wamwelewe kuliko wote. Nywele zilianza kumtoka mapema, akavaa kofia. Mikono yake hakuipenda, akavaa glavu. Miguu yake haikugeukia nje kama balei inavyotaka, basi akaielekeza ndani, magoti yanaangaliana. Na huyu alikua akimtamani Astaire! Alitaka kuwa Astaire, mwili ukakataa, na pale mwili ulipokataa ndipo alipopatikana Fosse. Mwaka 1973 alibeba Oscar, Tony na Emmy, zote ndani ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo Michael alichota kwa watu ambao wao kwa wao hawafanani hata kidogo. Kijana anayemuiga Michael peke yake anapata nakala ya nakala.

Nawasilisha.

ChapatiMbili

Tuliokuja kusoma maoni tujuane 🙋🏾

BabuDeki

Mleta mada umenikumbusha mbali.

Niwaambie vijana jambo moja. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, sisi huku tulikuwa tunasikia tu. Michael tulimpata kwa deki. Mkanda unaletwa na baharia au ndugu anayefanya kazi Uarabuni, unarudufiwa mpaka picha inakuwa kama inanyeshewa mvua. Mnaingia chumbani watu thelathini, mwenye deki anawatoza, na kurudisha nyuma mkanda kunaruhusiwa mara moja tu kwa sababu anaogopa kichwa cha deki kitachakaa. Kwa hiyo ilikuwa lazima ukamate kwa jicho. Unatoka pale unakimbia nyumbani kabla hujasahau, na ulichosahau unajazia cha kwako. Februari 1992 alipokuja mwenyewe Dar na kuonana na Rais Mwinyi, mji huu ulikuwa umeshajaa akina Michael wa kila mtaa, na hakuna wawili waliokuwa wanateleza sawasawa.

Sasa, kama unataka watu waliojifunza kwa macho, watafute ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas. Mjukuu wangu ndiye alinionyesha kwenye simu na nikamfanya airudie mpaka chaji ikaisha. Fayard kazaliwa 1914, Harold 1921. Baba yao alikuwa mpiga dramu na mama mpiga piano, bendi yao ikipiga kwenye ukumbi wa Standard, Philadelphia. Fayard akiwa mtoto anakaa viti vya mbele, anawatazama wasanii wanaopita jukwaani, akirudi nyumbani anajaribu, halafu anamfundisha mdogo wake. Shule ya dansi hakuna aliyeiona. Mwaka 1932 wakaingia Cotton Club pale Harlem, New York, Harold ana miaka 11, kwenye ukumbi ambao weusi wanatumbuiza na wateja ni weupe watupu.

Tazameni "Stormy Weather" ya 1943, sehemu yao na bendi ya Cab Calloway. Wanashuka ngazi kubwa, mmoja anamruka mwenzake kichwani na kutua ngazi ya chini kapiga msamba, anainuka bila kushika chini, mwenzake naye anamruka yeye, hivyo hivyo mpaka chini. Astaire mwenyewe alisema hajaona kipande kikubwa cha dansi kwenye filamu kuliko kile. Na Janet Jackson mwaka 1990 akawaita kwenye video ya "Alright", wazee wa watu, wakaonekana tena mbele ya kizazi kipya.

Kisigino

Mzee shikamoo. Hiyo ya kujazia cha kwako pale uliposahau nitaiiba kesho mazoezini.

BabuDeki

Marahaba. Iba tu.

Mtata

Naona mnashangilia kuibiana. Nyie mnaita msukumo, mimi naita wizi wenye taa nzuri.

Oktoba 2011 Beyoncé alitoa video ya "Countdown". Kuna mtunga dansi wa Ubelgiji anaitwa Anne Teresa De Keersmaeker, kazi yake "Rosas danst Rosas" ni ya 1983 na ilikuja kufanyiwa filamu. Weka video hizo mbili pembeni: stepu zile, nguo zile, namna ya kupiga picha ileile. Mama wa watu alipoulizwa akasema wazi kuwa hakuombwa ruhusa. Jibu likawa ni kwamba kazi yake ilikuwa moja ya vitu vingi vilivyowavutia. Kuvutiwa huko!

Na huyo Astaire wenu mnayempigia saluti, mwaka 1936 kwenye "Swing Time" alicheza kipande cha "kumuenzi" Bill Robinson, dansa mweusi, akiwa amejipaka masizi usoni. Wakati Robinson yuko hai, na weusi wenyewe milango ya Hollywood wanaingilia jikoni. Msukumo gani huo?

ChapatiMbili

Uzi umeanza kuchemka 🔥

Kisigino

Mtata, kwenye masizi sibishani na wewe. Kipande kile mguu wake ni mzuri na uso wake ni aibu, vyote kwa pamoja, na mimi nikikionyesha kwa vijana siruki hiyo sehemu.

Kwenye Beyoncé, hebu tukae kidogo maana hapo pana somo. Mwaka uleule 2011, msanii yuleyule, kuna video ya "Run the World (Girls)". Wale jamaa wanaocheza ubavuni mwake ni Tofo Tofo, kutoka Maputo. Aliwaona mtandaoni wakicheza pantsula, dansi ya mitaani yenye asili ya Afrika Kusini. Watu wake wakajaribu kuichukua ile stepu kwa kuangalia video, haikukaa. Ikabidi wenye stepu watafutwe, mpaka ubalozi ukahusishwa, wakasafirishwa hadi Marekani, wakafundisha wenyewe na wakasimama mbele ya kamera wenyewe. Pale mimi siwezi kuita wizi. Ni mtu mmoja, mwaka mmoja, njia mbili. Kwa hiyo hoja yako naikubali nusu.

Na mama De Keersmaeker alichokifanya baadaye ndicho kilichonivutia zaidi. Mwaka 2013, wakati "Rosas" inafikisha miaka 30, akaweka mtandaoni mafunzo ya kipande cha viti, hatua kwa hatua, akaalika mtu yeyote duniani atengeneze toleo lake. Yakaja ya wanafunzi, ya wazee, ya watu wa ofisini. Wanangu tumejaribu. Ni wanawake wanne kwenye viti, na stepu zenyewe ni vitu vya kila siku: kupitisha mkono kwenye nywele, kukunja mguu, kuegemea kiwiko, kuvuta blauzi begani na kuirudisha. Unasema hii nitaweza. Dakika ya tatu unagundua kila ishara inarudi ila hairudi mahali palepale ilipokuwa, na mwenzako kaanza nusu pigo kabla yako, na ukipoteza hesabu hakuna cha kukuokoa. Vijana wangu wanaoruka sarakasi walitoka jasho wakiwa wamekaa.

Hapo ndipo wengi walianza kuelewa kutunga ni nini. Stepu unaweza kuokota popote, hata kituo cha daladala. Kuzipanga ndiyo kazi.

Wa_Kasarani

Jameni niingilie. Mnaongea Hollywood na Ubelgiji na hapa jirani kuna mambo.

Faustin Linyekula ni wa Kongo, wa upande wa Kisangani. Vyuo vikuu vya Zaire vilipofungwa miaka ya mwanzo ya 90 alikuja Nairobi, akafanya tamthilia kwanza. Mwaka 1997 yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha kampuni ya Gàara, hapo hapo Nairobi. Ilikuwa ya kwanza ya dansi ya kisasa Kenya. Watu walikuwa wakiuliza hii ni nini sasa, ni ngoma ama ni mazoezi ya viungo? Baadaye akarudi kwao, 2001 akaanzisha Studios Kabako Kinshasa, halafu 2006 akaihamishia Kisangani, mji ambao vita vilikuwa vimeupita juu mara kadhaa.

Kazi yake ya 2009, "More more more... future", ndiyo ningetaka madansa wenu waone. Alichukua ndombolo. Ndombolo hii hii ya harusi na baa, na gitaa la Flamme Kapaya linalia kabisa, halafu maneno yake ni mashairi ya Antoine Vumilia Muhindo, rafiki yake wa utotoni aliyekuwa gerezani wakati huo. Kiuno kinacheza, maneno yanauma. Hakuikimbia dansi ya nyumbani ndio aonekane msanii mkubwa Ulaya, na pia hakuiwacha vile alivyoipata.

Mimi nikiona mtu anacheza ndombolo sasa huwa nasikiliza maneno kwanza.

Ruwaida_W

Salaam. Mimi niko Ujerumani, si mbali na Wuppertal, na nilikuwa nasoma kimya ila mmenigusa.

Wuppertal ndipo Pina Bausch, mtunga dansi wa Kijerumani, alipofanyia kazi tangu 1973 mpaka alipofariki 2009. Toleo lake la "Sacre du printemps" ni la Desemba 1975. Sakafu nzima ya jukwaa inamwagwa udongo wa mboji, mweusi, mzito. Wachezaji wanaanza safi. Nusu saa baadaye nguo zimeshikana na mwili, nyuso zina madoa, unasikia pumzi zao kuliko ala. Kuna gauni jekundu moja linapita mkono hadi mkono miongoni mwa wanawake kwa hofu, kwa sababu atakayelivaa ndiye atakayecheza mpaka kufa. Hakuna anayelitaka. Na unaona kabisa kwamba udongo ule haukuwekwa kwa mapambo. Unawafanya wachoke kweli.

Sasa sikilizeni. Senegal, kijiji cha Toubab Dialaw, kuna École des Sables, shule ya Germaine Acogny. Huyu kazaliwa Benin 1944, akakulia Senegal, bibi yake alikuwa kuhani wa Vodun, dini ya jadi, wa Kiyoruba. Alijifunza dansi za Kizungu, akaona mwili wake unaambiwa ni kasoro, akatunga mbinu yake mwenyewe inayoanzia kwenye uti wa mgongo. Alisimamia shule ya dansi ya Mudra Afrique pale Dakar kuanzia 1977, wakati wa Rais Senghor na mtunga dansi Maurice Béjart. Shule yake na taasisi inayotunza kazi za Bausch zikakusanya wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika kujifunza "Sacre" ileile ya 1975, stepu kwa stepu. Machi 2020 korona ikafunga kila kitu. Kabla hawajatawanyika wakaicheza ufukweni, juu ya mchanga, jua linazama, na kamera ikachukua.

Nimeiona hiyo filamu na baadaye nimewaona jukwaani. Stepu hazikubadilishwa. Lakini Wazungu niliowahi kuwaona wakiicheza wanaanguka kuelekea udongoni; hawa wanaingia udongoni. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo, magoti yao tayari yalikuwa yanaijua ardhi. Mtata, hii nayo tuiite wizi? Na nani kamwibia nani?

Mtata

Dada Ruwaida hapo umenibana. Ila waliulizana ruhusa kwanza, si ndiyo? Basi hoja yangu bado iko hai, inapumua.

NyaMwanza

Mimi nacheka tu. Mnazunguka dunia nzima, Philadelphia, Wuppertal, mnapita juu ya Kisesa, hapa Mwanza, bila kushuka.

Usukumani karne ya 19 walikuwepo watu wawili, Ngika na Gumha. Wote wacheza ngoma, wote watu wa dawa, wapinzani. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na mpaka kesho Msukuma mchezaji ni wa huku au kule. Mashindano yao huja baada ya mavuno. Hayana majaji wa kukaa mezani na kuinua namba. Pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, uwanja uleule. Watazamaji wana miguu. Kwako kukipoa wanahamia kwa mwenzako, na aliyebaki na watu wengi ndiye kashinda. Watu wanatumia hadi dawa za mvuto.

Fikirieni hiyo inamfanya nini mtunga stepu. Huwezi kurudia cha mwaka jana maana mpinzani alikiona na watu walikiona. Huko utakuta wanaocheza na chatu, wanaocheza na nungunungu, na bugobogobo ile ya majembe, ambayo ilianza kama mwendo wa kulimia shamba kwa pamoja, mpaka leo jembe linarushwa juu na kudakwa bila kupoteza pigo. Huyo Michael akiingia uwanja ule anahitaji kitu cha ziada, nawaambia.

Vijana wa Temeke wanataka sekunde ya kumi na sita? Wapelekwe Bujora, kituo cha utamaduni wa Kisukuma hapo Kisesa, kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo, mwezi wa sita. Wasimame katikati ya maduara mawili waone watu wanavyowahama wacheza ngoma.

Wa_Kasarani

Hii ya watazamaji kuhama imenimaliza. Hiyo ndiyo algoriti yenyewe, ya kabla ya simu 😂

Mama Fei

Samahani wapendwa, mimi si mchezaji. Binti yangu yuko kidato cha pili, anacheza kutwa mbele ya kioo. Baba yake hataki. Anasema dansa mwisho wake ni kusimama nyuma ya mwanamuziki na kulipwa nauli. Nimesoma uzi wote lakini sijaona mtu amejibu hilo.

Kisigino

Mama Fei, baba yake hajakosea kuhusu malipo. Madansa wengi wa mjini hapa wanalipwa kwa shoo, na kidogo, na wakiumia goti hakuna wa kuwatibu. Nisingekudanganya ili mtoto aje kwangu. Asome kwanza, hilo halina mjadala. Ila kuna Bagamoyo, TaSUBa, wanasomesha sanaa hadi cheti na diploma na wapo tangu 1981, kwa hiyo si lazima ichaguliwe shule au dansi. Na akipe kioo kisogo. Kioo kinamfundisha kujitazama. Mwambie atazame wengine.

Mwonyeshe na picha za Acogny aliyetajwa hapo juu. Alikuwa ameshapita miaka 70 bado anapanda jukwaani peke yake, na mwaka 2021 Venice wakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu.

Mama Fei

Asante mwalimu. Huyo bibi wa miaka 70 ndiye nitaanza naye kwa baba Fei.

ChapatiMbili

Mkuu Kisigino, mimi nilikuja kusoma maoni tu sasa nina video tisa za kutazama. Mtu ambaye si dansa anaanzaje? Au hata dansa, anatazamaje ili apate kitu?

Kisigino

Nikuambie tunavyofanya ukumbini, wengine watasema ya kwao.

Zima sauti. Muziki unakudanganya, unakufanya uone kitu ambacho mwili haujafanya. Mara ya kwanza tazama tu anapoweka uzito, mguu upi umebeba. Usiangalie mikono, mikono ya Fosse itakupoteza kabisa. Ukimaliza, tazama lini hafanyi kitu. Ndugu Nicholas wana vipande vya kusimama tuli vifupi mno kabla ya kuruka, na bila hivyo ule mruko ungekuwa sarakasi ya kawaida.

Halafu ichukue stepu moja tu, uiweke kwenye muziki usio wake. Huwa nawapa vijana mwendo wa Fosse, wa polepole, kiuno kimepinda na kidole kinapiga tiki, nawawekea singeli inayokimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Stepu inavunjika papo hapo. Nawaambia wasiitupe, waokote vipande. Kuna binti mmoja alitoka na kitu cha bega kutoka hapo ambacho mpaka leo sijaweza kukicheza mimi mwenyewe, na nikimwona Fosse sasa hivi sikioni ndani yake.

Na jambo la kumheshimu Mtata: kwenye kundi letu ukipandisha video, unaandika ulichochukua umekitoa kwa nani. Kama hujui, hupandishi mpaka ujue. Wawili wameshakasirika wakahama kundi.

Mtata

Hapo sasa. Hilo la mwisho naunga mkono hoja.

BabuDeki

Nami niongeze la usalama. Ule msamba wa kwenye ngazi, ChapatiMbili, usiujaribu nyumbani. Mjukuu wangu kajaribu kwenye ngazi za sementi, wiki nzima anatembea kama Fosse.

NyaMwanza

😂😂 Basi kashapata mtindo wake. Mleteni Bulabo.